Lugha ya mwalimu hujenga au hubomoa mwanafunzi wa hisabati

KUNA kauli moja ambayo Mkenya msomi huitamka hadharani bila haya wala kigugumizi: “Mimi na hesabu hatukuelewana.” Wakili huitamka, mwanahabari huitamka, mbunge huitamka jukwaani na umati ukacheka pamoja naye. Lakini ni nani umewahi kumsikia akijigamba kwamba kusoma kulimshinda? Kutojua kusoma ni aibu ya kufichwa. Kutojua hisabati kumekuwa mzaha wa kunogesha gumzo.

Mzaha huo una gharama, na wanaoilipa ni watoto wanaotusikiliza. Msichana wa gredi ya sita akimsikia mamaye akisema hesabu ilimkataa, huwa amepewa kibali cha kukata tamaa. Siku atakapopata alama mbaya hataitafuta sababu katika daftari lake. Ataitafuta katika ukoo: “Sisi kwetu hesabu si yetu.”

Huenda msomaji mpendwa akauliza: mbona ukumbi wa lugha unatia mguu katika somo la hisabati? Jawabu ni kwamba mengi yanayomfanya mwanafunzi akate tamaa au ajaribu tena hayamo katika nambari. Yamo katika maneno yanayozizunguka nambari hizo. Na maneno ni uwanja wetu.

Mwanasaikolojia Mmarekani Carol Dweck, wa Chuo Kikuu cha Stanford, ndiye aliyeieneza nadharia ninayotaka kuifafanua leo, hasa kupitia kitabu chake Mindset kilichotoka mwaka wa 2006. Kwa maoni yake, imani za watu kuhusu akili ziko za aina mbili. Wapo wanaoamini kuwa akili ni tunu ya kuzaliwa nayo na kipimo chake hakibadiliki: ukipewa kibaba, utakufa na kibaba. Wapo pia wanaoamini kwamba uwezo wa akili hupanuka kwa juhudi, kwa mbinu mwafaka na kwa msaada wa wengine.

Imani ya kwanza nitaiita mtazamo mgando, kwa kuwa Waswahili tayari wanasema ‘mawazo mgando’. Ya pili huitwa mtazamo wa ukuaji. Istilahi hii ya pili naikubali kwa sharti moja ambalo nitalieleza baadaye.

Mwaka wa 1998, Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo yasiyokuwa magumu, kisha wakasifiwa. Baadhi waliambiwa wamefanya vyema kwa kuwa wana akili. Wengine waliambiwa wamefanya vyema kwa kuwa wametia bidii. Tofauti ilikuwa sentensi moja tu.

Baadaye wote walipewa mafumbo magumu yaliyowatoa jasho. Mwishowe wakarudishiwa mafumbo ya kiwango kile cha kwanza. Waliosifiwa akili walishuka chini ya alama zao za awali. Waliosifiwa bidii walipanda. Na walipoombwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine kuhusu alama walizopata, karibu 4 katika kila 10 ya wale walioambiwa ‘una akili’ walijiongezea alama.

Yaani sifa njema iliwafanya wadanganye! Kwa nini? Ukimwambia mtoto ana akili, umemvisha cheo, na mwenye cheo hukilinda. Swali gumu huwa tishio, kwa sababu likimshinda cheo kitamvuka. Aliyesifiwa bidii hana cha kupoteza. Swali gumu kwake ni kazi zaidi, basi.

Hebu sasa tuitazame sifa hiyo kwa jicho la mwanaisimu. “Una akili” ni muundo wa umilikaji, sawa na “una gari” au “una shamba.” Aliye nacho anacho, asiye nacho hana. “Umejaribu njia mbili”, “umegundua ulipokosea” na “umenieleza hatua zako vizuri” ni miundo ya vitenzi. Kitenzi husimulia jambo ambalo mtu amelitenda, kwa hivyo anaweza kulitenda tena kesho.

Matusi nayo yana sarufi yake. “Umekosea” ina kiambishi -me-, chenye kuonyesha kwamba tendo limetukia na linaweza kurekebishwa. Lakini ‘mjinga’, ‘mzembe’ na ‘kichwa maji’ ni nomino, na nomino haina njeo. Mjinga alikuwa, ni na atakuwa. Mwalimu anayemwita mtoto kwa nomino kama hiyo huwa ameiondoa sarufi ya wakati katika maisha ya mtoto huyo.

Kuna neno jingine linaloumiza ingawa hutamkwa kwa nia njema: ‘rahisi’. “Hii nayo ni rahisi tu!” Mwalimu hudhani anatia moyo. Mwanafunzi ambaye imemtatiza husikia jambo jingine kabisa: kama rahisi imenishinda, je, ngumu? Akishafika hapo hatainua mkono tena muhula mzima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Kiswahili kina utajiri nalo kuliko tunavyodhani. Katika mhadhara wake wa TED wa mwaka wa 2014, Dweck alisimulia kuhusu shule moja ya upili mjini Chicago ambako mwanafunzi ambaye hakufikia kiwango katika kozi hakuandikiwa kwamba ameanguka. Aliandikiwa kwamba bado. Walimu wanaofunza kwa Kiingereza waliifurahia hadithi hiyo, wakaanza kukipachika kijineno hicho mwishoni mwa kila sentensi ya mwanafunzi anayelalamika.

Sisi hatuhitaji kupachika. Sarufi yetu imetufanyia kazi hiyo kwa silabi moja. Tazama tofauti iliyoko kati ya kauli hizi tatu: “Sielewi.” “Sikuelewa.” “Sijaelewa.” Ya kwanza inakana sasa na aghalabu siku zote. Ya pili inaufunga mlango wa jana. Ya tatu inakana pia, ila inauacha mlango wazi. Kiambishi -ja- kinamwambia msikilizaji kwamba tendo hili bado linatarajiwa.

Ndiyo maana ukimuuliza mpishi kama chakula kimeiva hakujibu “La.” Hukujibu “Bado.” Kijana wa miaka 30 akiulizwa kama ameoa hujibu “Bado”, hata kama hana mchumba wala dalili ya mchumba. Adabu ya lugha humzuia kuufunga mlango ambao Mungu hajaufunga. Mbona basi adabu hii tunaivua kama viatu mlangoni mwa darasa la hisabati?

Kitenzi chenyewe ‘kuelewa’ kina siri. Kimetokana na ‘kuelea’, kwa maana ya jambo kuwa wazi kwa mtu: tunasema “somo limenielea.” Kwa asili yake, basi, kuelewa ni hali ya kutendwa. Mwanafunzi anaposema “sijaelewa”, sarufi inatukumbusha kuwa somo lenyewe halijawa wazi kwake. Swali la kwanza halifai kuwa “una shida gani wewe?” Linafaa kuwa “ni wapi somo hili halijakuelea?” Maswali hayo mawili hayamfikishi mtoto mahali pamoja.

Tuje kwenye ‘kosa’. Kwa Kiswahili neno hili moja hutaja hesabu iliyokwenda mrama na pia jinai iliyofikishwa mahakamani. Anayekosea kujumlisha amefanya kosa. Anayeiba ng’ombe naye amefanya kosa. Si ajabu kwamba mtoto wetu huufunika ukurasa wenye msalaba mwekundu kana kwamba anaficha mali ya wizi. Wahenga walijaribu kututahadharisha waliposema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hata hivyo, katika hisabati ningeongezea kwamba kosa linalorudiwa ni habari muhimu mno kwa mwalimu. Linamwonyesha mahali hasa mtoto alipopotelea.

Tuchukue mfano. Mtoto anaulizwa: nusu ukijumlisha na thuluthi, yaani 1/2 na 1/3, unapata ngapi? Anaandika 2/5. Mwalimu mwenye haraka atachora msalaba, aandike 5/6 ubaoni, na kusonga mbele. Lakini jibu la mtoto lina mantiki yake. Amejumlisha nambari za juu, kisha akajumlisha za chini, kama alivyofunzwa kujumlisha nambari nzima. Hakubahatisha. Ametumia kanuni nzuri mahali pasipo pake.

Mwalimu mwenye mtazamo wa ukuaji ataiandika 2/5 ubaoni bila kuikemea, aulize darasa: “Tuseme tuna shilingi 60. Nusu yake ni ngapi? Thuluthi je?” Watajibu 30 na 20, jumla 50. “Na 2/5 ya shilingi 60 ni ngapi?” Ni 24. “Ala! Nilikuwa na 30, nikaongezwa, nikabaki na 24. Pesa zangu zimekwenda wapi?” Darasa litacheka, na halitamcheka yule mtoto. Litaicheka hesabu iliyopoteza pesa. Kisha wataanza kutafuta, na wataiona 50 juu ya 60, ambayo ni 5/6. Kosa litakuwa limegeuzwa mlango wa somo.

Kufundisha hivi kunawezekana. Mtafiti Mmarekani James Stigler amesimulia kuhusu darasa la nne alilolizuru nchini Japani, watoto wakijifunza kuchora mchemraba. Mwalimu alimwita ubaoni mtoto ambaye mchoro wake ulikuwa umeharibika kuliko yote. Mtoto akachora, mwalimu akawauliza wenzake kama amepata, wakatikisa vichwa. Akafuta akachora tena. Stigler mwenyewe ndiye aliyetokwa na jasho kwa kumwonea huruma. Lakini mtoto hakulia. Mwishoni mwa kipindi alifaulu, darasa zima likampigia makofi, akaketi akitabasamu.

Katika madarasa mengi ya kwetu, anayeitwa ubaoni ni yule anayejua. Anayetatizwa akiitwa, mara nyingi ni adhabu. Wajapani wale waliuona ubao kama mahali pa kufanyia kazi, na kuhangaika na swali kukawa sehemu ya somo badala ya ushahidi wa upungufu.

Kenya si ngeni kwa mawazo haya. Mnamo 1998 Wizara ya Elimu na shirika la JICA la Japani zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili, na kutokana na juhudi hizo tukapata kituo cha CEMASTEA huko Karen, Nairobi. Walimu walihimizwa kumweka mwanafunzi katikati ya somo, kumpa shughuli za kufanya kwa mikono, na kubuni vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana karibu. Kwa hivyo mbegu ilishapandwa. Palizi ndiyo inayotusumbua.

Nigusie pia suala la lugha ya kufundishia. Kuanzia gredi ya nne, mtoto wetu hujifunza hisabati kwa Kiingereza. Akiulizwa kwa lugha hiyo idadi iliyo pungufu ya kumi na mbili kwa tano, Kiingereza humtajia tano kwanza, naye huandika 5 – 12. Mwambie kwa Kiswahili “kumi na mbili toa tano” na ataandika 12 – 5 bila kusita, kwa kuwa mpangilio wa maneno unafuata mpangilio wa nambari. Mtoto huyu akiandikiwa sufuri, aliyeshindwa ni nani: mwanahisabati au mfasiri? Simshauri mwalimu aache Kiingereza, kwa kuwa mtihani unamsubiri mtoto. Namshauri awaache watoto wabishane kwanza kwa lugha wanayoimudu, kisha wavuke nayo hoja ikiwa imeiva.

Ushahidi kwamba ‘kushindwa’ hutegemea mazingira upo. Mwaka wa 1985, watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto 5 waliokuwa wakichuuza bidhaa katika mji wa Recife, Brazil. Watoto hao walipouziana na watafiti sokoni, walipata majibu sahihi kwa takriban asilimia 98. Walipopewa hesabu zile zile kwa kalamu na karatasi, bila nazi wala limau za kuuza, usahihi ulishuka hadi takriban asilimia 37. Vichwa vilikuwa ni vile vile. Mama mboga wa mtaani kwako anayekurudishia chenji sahihi huku akikumbuka deni la wateja wengine kumi, kisha akakwambia hesabu haikumwingia shuleni, ni ndugu wa watoto hao.

Hata hivyo, msomi hapaswi kuuza dawa bila kutaja mipaka yake. Jaribio kubwa lililochapishwa na David Yeager na wenzake katika jarida la Nature mwaka wa 2019 liliwahusisha wanafunzi zaidi ya 12,000 wa darasa la tisa nchini Marekani. Mafunzo mafupi ya mtazamo wa ukuaji, yasiyofika saa moja, yaliinua alama za wanafunzi waliokuwa nyuma. Lakini ongezeko lenyewe lilikuwa dogo: kama pointi 0.1 katika wastani wa alama zao. Mwaka huo huo, tathmini iliyofanywa katika shule zipatazo 100 nchini Uingereza haikupata tofauti yoyote kati ya watoto waliofunzwa mtazamo huo na wenzao.

Maana yake ni nini? Ni kwamba maneno matamu pekee hayamfundishi mtu sehemu wala aljebra. Kubandika ukutani bango la “Unaweza!” huku darasa lina watoto 70, kitabu kimoja kinagawanywa kwa watano, na mwalimu anakimbizana na silabasi, ni kumpaka mgonjwa mafuta badala ya kumtibu. Kumwambia mtoto “ongeza bidii” bila kumwonyesha njia nyingine ni kumlaumu kwa lugha ya upole. Bidii inayorudia mbinu mbovu huzaa uchovu tu.

Na hapa ndipo lilipo lile sharti langu kuhusu istilahi. ‘Ukuaji’ umetokana na ‘kukua’, kitenzi kisichohitaji mtendaji wa nje. Kucha hukua, magugu hukua. Akili ya hisabati haikui hivyo, hukuzwa. Kitenzi ‘kukuzwa’ kina usababishi na kutendwa ndani yake, na kinatulazimisha kuuliza: hukuzwa na nani, kwa nyenzo gani, na kwa muda gani? Anayelisahau swali hilo ataibadilisha nadharia hii kuwa fimbo mpya ya kuwachapia watoto wa maskini.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati huu. Chini ya Elimu ya Umilisi, mtoto anayemaliza gredi ya tisa huchagua mkondo wa kufuata katika shule ya upili pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mjadala mkali ulizuka ilipoonekana kwamba hisabati ingekuwa ya hiari kwa baadhi yao, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kuwa somo hilo litakuwa la lazima kwa wote: hisabati pana kwa mkondo wa sayansi, na nyingine yenye mahitaji ya kimsingi kwa mikondo iliyosalia.

Hofu yangu ni ya kilugha. Wanafunzi ni wepesi wa kubandika majina. Haitachukua muda kabla ya ile ya pili kuitwa ‘hesabu ya wajinga’, na wazazi kumtupia mtoto huko kwa kauli moja ya mezani: “Wewe hesabu si yako.” Wasichana wataumia zaidi, kwa kuwa wameambiwa kwa miaka mingi kwamba somo hili ni la wavulana. Uamuzi ambao ungefaa kutokana na ndoto ya mtoto utakuwa umetokana na jeraha la darasa la tano.

Mfumo huo huo lakini umetupa msamiati wa kutufaa. Badala ya kumpanga mtoto kutoka wa kwanza hadi wa mkia, unaeleza kama amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Hii ni lugha ya safari. Aliye mbali anaweza kukaribia, na anayekaribia anaweza kufika. Sharti tu tusiigeuze kuwa majina ya watu, tukasikia mwalimu akisema “wale wa mbali na matarajio, kaeni nyuma.”

Ningependekeza mambo manne ambayo hayahitaji bajeti ya serikali. Kwanza, mwalimu amfunze mwanafunzi kusema “sijaelewa” na kumalizia kwa kutaja hatua aliyokwamia. Pili, kila kipindi kosa moja zuri lichambuliwe ubaoni bila kumtaja mwenyewe. Tatu, mwanafunzi aruhusiwe kusahihisha mtihani wake na kupewa sehemu ya alama kwa masahihisho, ili karatasi iliyorudishwa isiwe hukumu ya mwisho. Nne, mzazi ambaye hesabu ilimtatiza akome kuifanya mzaha mbele ya watoto. Aketi kando ya mtoto, aseme: “Hata mimi hii sijaijua. Nionyeshe ulipofika.”

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hulitazama lilipovunjikia, akawasha moto, akaanza upya. Lakini ni lazima awepo mtu wa kumwonyesha namna ya kuushika mvukuto.

Wiki ijayo, majaliwa, tutazitazama istilahi za sehemu katika Kiswahili, kutoka nusu hadi ushuri, na jinsi thumuni ilivyotoka katika nane ya kitu ikaishia kuwa sarafu ya senti hamsini.